Vibarua pekee havilipi karo Japani

MWANAFUNZI wa kigeni anayeelekea Japani akitumaini kwamba vibarua vitamlipia karo anajitia hatarini.

Viza ya masomo pekee haimruhusu kufanya kazi. Sharti apate kibali cha idara ya uhamiaji, na hata akikipata, asizidishe saa 28 kwa wiki, au saa nane kwa siku wakati wa likizo ndefu. Anayekiuka sheria hiyo huenda akanyimwa nyongeza ya muda wa kukaa nchini humo, masomo yake yakakatika.

Karo ya kawaida katika vyuo vikuu vya kitaifa ni yeni 535,800 kwa mwaka, mbali na ada ya kujiunga ya yeni 282,000. Baadhi ya vyuo hutoza zaidi. Chuo Kikuu cha Tokyo kilipandisha karo hadi yeni 642,960 kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza walioingia mwaka 2025. Chakula na kodi ya nyumba havimo katika hesabu hiyo.

Njia iliyo salama zaidi ni ufadhili wa serikali ya Japani, ulioanzishwa mwaka 1954. Hulipa karo, nauli ya ndege na posho ya kila mwezi. Maombi hupitia balozi za Japani, ukiwemo wa Nairobi, ama chuo chenyewe.

Aidha, ingawa zipo kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza, hasa za uzamili, asiyejua Kijapani hutatizika hata kupata kibarua. Heri kuanza kujifunza lugha hiyo kabla ya safari.