Ribiti ya Kigoma

Nyumbani kwetu hapa Nyalikungu kuna kipande cha chuma ambacho sisi watoto hatukuruhusiwa kukichezea. Urefu wake ni kama kidole gumba, nacho kina kichwa cha mviringo kama uyoga. Ni ribiti ya meli. Tangu utoto wangu niliambiwa kwamba baba yake Babu alirudi nayo kutoka Kigoma, na kwamba alikuwa mmoja wa watu waliojenga meli ya Wajerumani. Habari hiyo ilitupa fahari kubwa. Likizo iliyopita niliazimia kuichunguza, nami nimeona vema niwaeleze nilivyofanya, maana huenda ikamfaa mwingine.

Kwanza yafaa tuijue meli yenyewe. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, karibu na mto Ems, ikaitwa Graf von Götzen. Urefu wake ni kiasi cha mita 70. Je, chombo kikubwa namna hiyo kingefikaje Ziwa Tanganyika, na hali hakuna mto wa kukipitisha kutoka baharini? Mafundi walikiunga chote, kisha wakakifungua kipande kipande na kuvitia vipande katika makasha kama 5,000. Makasha hayo yalikuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Walikuja pia mafundi watatu: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Hao, pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika, waliiunga meli upya katika chelezo kando ya ziwa, nayo ikashushwa majini Februari 1915. Chelezo ni mahali pa kuundia na kutengenezea meli ukingoni mwa maji. Kwa upande wetu huku kipo Mwanza Kusini.

Siku hizo mabamba ya chuma yaliungwa kwa ribiti. Mtu mmoja huipasha ribiti moto hata ikawa nyekundu. Wa pili huitia tunduni. Wa tatu huizuia kichwani kwa chuma kizito, na wa nne huipiga nyundo upande wa pili mpaka ncha yake itandazike. Ikipoa husinyaa, na kwa kusinyaa kwake huyabana mabamba hata maji yasipate njia.

Julai 1916, vita ilipowazidi, Wajerumani waliizamisha meli wenyewe ili adui asiitwae. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nene, wakitumaini kuiopoa siku moja. Baadaye Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza ndio walioiopoa tarehe 16 Machi 1924, na mitambo ikaonekana bado inafaa. Matengenezo yalichukua miaka mitatu. Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lile.

Hapo ndipo nilipogundua jambo. Kazi ilifanyika mara mbili, siyo mara moja: kwanza mwaka 1914 na 1915, kisha kati ya 1924 na 1927. Je, baba yake Babu alikuwamo katika kazi ipi? Ribiti yetu haikuweza kujibu, kwa kuwa meli hutiwa ribiti inapoundwa na hutiwa tena inapotengenezwa.

Nilimwendea Babu, ambaye sasa ana zaidi ya miaka 80. Sikumwuliza mwaka, kwa sababu wazee wa zamani hawakuyahesabu maisha yao kwa kalenda. Nilimwuliza mambo matatu. La kwanza, baba yake alikuwa akifanya nini vita ya Wajerumani ilipoanza? Akajibu, "Alikuwa mtoto, akichunga ndama." La pili, alisafiri vipi? Akajibu, "Alikwenda kwa miguu hadi Tabora, ndipo akapanda treni. Siku ya kurudi alishuka Malampaka." La tatu, kazi yake ya kwanza Kigoma ilikuwa nini? Babu akacheka. "Tope, mjukuu wangu! Alisema walizoa tope melini siku nyingi kabla hajaishika nyundo."

Basi nikayapima majibu hayo. Mtoto wa kuchunga ndama mwaka 1914 hapewi nyundo ya ribiti. Reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Malampaka, ilikamilika mwaka 1928. Kwa hiyo alikwenda kabla haijafika huku, akarudi ilipokwisha kufika. Tena, meli mpya iliyotoka katika makasha haina tope. Tope hupatikana katika meli iliyolala chini ya maji. Baba yake Babu hakuijenga meli ya Wajerumani. Alikuwa miongoni mwa walioitengeneza Waingereza walipokwisha kuiopoa.

Nakiri kwamba niliogopa kumwambia Babu. Ningewezaje kumnyang'anya mzee fahari aliyoishika maisha yake yote? Siku mbili nilinyamaza, na siku ya tatu nikamweleza yote, mwaka kwa mwaka. Alinisikiliza huku akiigeuzageuza ile ribiti mkononi. Kisha akauliza, "Na hao Wajerumani watatu, majina yao yameandikwa?" Nikasema ndiyo. "Na la baba?" Nikasema sikuliona popote. Akaniwekea ribiti kiganjani, akasema, "Basi liandike wewe. Na uandike kweli hiyo ya tope."

Nimeliandika katika daftari la nyumbani, pamoja na miaka yake, safari yake na kazi yake.

Wanafunzi wenzangu, likizo ijayo waulizeni wazee wenu. Msiwaulize tarehe, waulizeni walipita njia gani, walipanda chombo gani, mikono yao ilishika nini. Kisha linganisheni maneno yao na miaka iliyomo vitabuni. Nanyi wazazi, tusaidieni kwa kutusimulia, hata yale mnayoyaona madogo. Kama baba yake Babu angeona aibu kulitaja tope, nisingeijua kweli hata leo.