Soko la zilizopendwa Machakos: kumbukumbu zauzika, wapigaji wabaki na nauli

Wenye baa mjini Machakos wamegundua kwamba miaka ya sitini inauzika. Mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, mabango ya usiku wa zilizopendwa hubandikwa kuanzia kituo cha magari hadi njia za kuelekea Kitui na Wote, na wanaojitokeza si wazee peke yao. Vijana ambao hata kaseti hawakuzikuta huja kusikiliza twisti, rumba na benga ya mwanzo mwanzo, wakaagiza nyama choma na kukaa hadi usiku mkubwa. Mteja wa aina hii hanywi kwa pupa, lakini halipi kwa deni, na ndiye anayetafutwa na kila mwenye ukumbi. Jambo ambalo hesabu za biashara hii hazionyeshi ni nani anayebaki na faida. Kwa dalili zilizopo, si mpiga gitaa.

Malalamiko mazito zaidi niliyoyasikia yanatoka kwa mfanyabiashara mmoja aliyerithi baa na ukumbi kutoka kwa babake. Anasema zamani hizo, miaka michache baada ya Uhuru wa 1963, bendi haikuwa mgeni wa usiku mmoja. Wapigaji walilala vyumba vya nyuma ya ukumbi, walikula jikoni kwa mwenye nyumba, walilipwa kwa mwezi, na walipiga Jumamosi usiku na Jumapili mchana. Usiku mtupu ulikuwa hasara ya mwenye ukumbi, na usiku uliojaa ulikuwa faida yake. Leo, anasema, hawezi kuajiri bendi kwa mwezi hata akitaka, kwa sababu kabla uzi wa kwanza haujaguswa amekwisha kulipa leseni ya pombe, kibali cha biashara, vyeti vya afya vya wahudumu, leseni ya kucheza muziki hadharani na kibali cha kelele. Hiyo leseni ya muziki ndiyo inayomuuma kuliko zote. Bendi ikipiga nyimbo zake yenyewe, huuliza, yeye analipia nyimbo za nani? Pesa huenda Nairobi, na mpigaji aliyetunga wimbo unaochezwa mbele yake haoni hata senti inayorudi.

Jibu la wanaotoa leseni hiyo ni kwamba inahusu muziki wote unaosikika mahali pa biashara, ukiwamo ule wa spika bendi inapopumzika, na kwamba mtunzi hulipwa akijisajili. Kisheria jibu hilo lina uzito wake. Lakini nimewauliza wapigaji wa mji huu kuhusu mgao huo, na hakuna aliyenionyesha malipo ambayo angeweza kuyaita mapato. Wengi walinionyesha madeni.

Saa nazo ni lalamiko. Sheria ya kitaifa ya vileo ya 2010 iliiruhusu baa ya kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na klabu ya usiku kuanzia saa moja jioni hadi saa tisa usiku. Mteja wa muziki wa jukwaani, anasema mfanyabiashara wetu, hatoki nyumbani kabla ya saa tatu. Kwa hiyo mwenye baa ya kawaida anakodi spika, anawalipa watu sita au saba, kisha anauza kwa saa mbili. Akichukua leseni ya klabu ya usiku, majirani wanaleta malalamiko chini ya kanuni za kelele za 2009. Ndiyo maana wengi wamemwachia dijei kazi. Dijei mmoja na kompyuta yake hagombani na mwenzake kuhusu posho, haombi gari la kubeba ngoma, na huzima sauti mara tu askari wanapoonekana barabarani.

Afisa mmoja anayehusika na masuala ya biashara katika kaunti haoni tatizo kubwa hivyo. Kwake, kila mazungumzo huanzia kwenye tarakimu moja: watu milioni 1.4. Hiyo ndiyo idadi iliyohesabiwa Machakos katika sensa ya 2019, na kwa maoni yake soko la watu milioni 1.4 haliwezi kukosa nafasi ya muziki. Tarakimu yenyewe ni ya kweli. Matumizi yake ndiyo yenye mashaka. Ndani yake wamo watoto wa shule, waumini wasiokanyaga baa, na wakazi wa Masinga na Yatta ambao nauli ya kuja mjini usiku na kurudi ingewala mapato ya siku. Wamo pia zaidi ya laki tatu wa upande wa Athi River na Mlolongo, wanaofanya kazi viwandani na kando ya Barabara ya Mombasa, na hao wakitaka starehe huwa wako karibu zaidi na Nairobi kuliko na mji wa Machakos. Ukishaondoa wote hao, unabaki na wafanyakazi wa ofisi, walimu, wafanyabiashara na wageni wa wikendi. Ni soko, naam, lakini si lile linalotajwa mezani. Nilipomwomba hesabu ya kumbi zenye bendi ya kudumu, afisa huyo alirudi kwenye sensa.

Na Nairobi haijaanza jana kuvuna kilichopandwa hapa. Machakos ilikuwa kituo cha utawala wa Waingereza tangu 1889, miaka kumi kabla reli haijafika Nairobi. Reli ilipopita kando, biashara nayo ikapita kando. Muziki ulifuata njia hiyo hiyo. Ukambani ilitoa askari wengi kwa vikosi vya mkoloni, na baada ya vita kwisha 1945 baadhi yao walirudi na magitaa na midundo waliyoisikia mbali na nyumbani. Hali ya hatari iliyotangazwa 1952 ilibana safari na mikusanyiko, na ilipoondolewa mwanzoni mwa 1960 watu walikuwa na kiu ya dansi. Magitaa makavu yakaanza kupokewa na ya umeme, chupa ya soda iliyokuwa ikikwaruzwa kutoa mdundo ikaiachia ngoma nafasi, na vijana waliokulia kwenye ngoma za myali na kilumi wakajifunza twisti na rumba kwa kusikiliza redio na santuri za Kongo. Lakini aliyetaka sahani yake mwenyewe ilimbidi apande basi hadi River Road, Nairobi. Huko ndiko zilikokuwa studio, ndiko walikokuwa mawakala, na ndiko pesa zilikobaki.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wazee wanaozisifu kumbi zile za bendi za mshahara bila kutaja upande wa pili. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye ukumbi, kuanzia magitaa na amplifaya hadi vipaza sauti. Mpigaji aliyegombana na bosi wake aliondoka na nguo zake tu, na bendi nzima ingeweza kuvunjika asubuhi moja kwa sababu mwenye vyombo amefunga mlango. Mfanyabiashara niliyemtaja alikiri hili kuhusu babake bila kulizunguka. Mshahara ulikuwapo, uhuru haukuwapo. Leo mpigaji ana gitaa lake, pengine hata amplifaya ndogo, lakini hasara ya usiku mtupu imehamia mgongoni kwake: kumbi nyingi humpa sehemu ya kiingilio badala ya malipo yaliyokubaliwa, na mvua ikinyesha hugawana sarafu. Ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote katika biashara hii kwa miaka sitini, na sijasikia mipango ya kaunti ikiyagusa.

Halafu kuna suala la nyimbo zenyewe, ambalo wenye kumbi wengi hawalijui au hawataki kulijua. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 tangu iliporekodiwa, ilhali utunzi wa muziki hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba santuri zilizorekodiwa miaka ya sitini zimeshatoka kwenye ulinzi kama rekodi, lakini nyimbo zilizomo nyingi bado zina wenyewe, au wajane na watoto wao. Tatizo ni kwamba watunzi wengi wa wakati ule waliuza wimbo kwa malipo ya mara moja, bila nakala ya mkataba. Mtoto wa mpigaji wa zamani akija leo kudai haki ya babake ataulizwa karatasi, na karatasi haipo. Usiku wa zilizopendwa unajengwa juu ya urithi ambao warithi wake hawawezi kuuthibitisha, na hili linanisikitisha zaidi ya bei ya leseni yoyote.

Mpigaji mmoja wa besi, ambaye mchana hufanya kazi ya jua kali, anasema kafyu ya Machi 2020 hadi Oktoba 2021 ndiyo iliyommaliza. Aliuza amplifaya yake mwaka wa kwanza ili alipe kodi ya nyumba. Tangu hapo anaazima vyombo, na mwenye kuazimisha huchukua chake kabla bendi haijagawana.

Je, soko litakua? Tangu 2013 utoaji wa leseni za pombe na usimamizi wa burudani za umma umo mikononi mwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, kwa hiyo nafuu ikitakiwa haihitaji kungoja Nairobi. Afisa wetu anasema vibali vitaunganishwa kuwa kimoja. Ahadi ya namna hiyo imesikika kaunti nyingi, na wenye baa hapa wanaendelea kupanga foleni kwenye madirisha yale yale. Hata vibali vikiunganishwa, unafuu utamfikia kwanza mwenye leseni. Hakuna sharti linalomlazimisha kuushusha hadi jukwaani.

Kwa sasa msimu unaotegemewa ni Desemba, wenyeji wanaporudi kutoka Nairobi na Mombasa na kumbi zinapogombea bendi zile zile chache. Bei ya mpigaji hupanda kwa wiki tatu hivi. Januari karo za shule huanza kudaiwa, meza huwa tupu, na wenye ukumbi humrudia dijei. Mfanyabiashara niliyezungumza naye anafikiria kuijaribu bendi ya mkataba wa miezi mitatu, kuanzia Aprili, akipata wa kugawana naye gharama ya vyombo. Wawili aliowauliza wamekataa, na wa tatu hajajibu.