Ukinunua saundi kadi iliyotumika, uliza leseni iko kwa jina la nani

Kurekodi wimbo si lazima tena kuende na safari ya Mombasa. Kompyuta, maikrofoni na saundi kadi, kile kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, vinatosha kurekodi kwaya, kaswida au ngoma ya sengenya hapa hapa Kinango. Kwa kuwa vifaa vipya ni ghali, wengi hununua vilivyotumika. Ni vizuri kujua jambo moja mapema: kisanduku huhama mkono kwa mkono, lakini programu iliyokuja nacho haihami mpaka masharti ya kampuni yaruhusu.

Tuseme kijana wa Ndavaya ameenda Ukunda kununua saundi kadi. Muuzaji anamwambia ina programu yake ya kurekodia, kwa hivyo aongeze kidogo. Analipa kwa M-Pesa, anapanda matatu na kurudi kupitia Kombani, Kwale na Kinango mjini. Usiku akiwasha kompyuta, nambari iliyoandikwa kwenye karatasi inakataliwa kwa sababu ilishatumika. Kijana huyo amelipia kitu ambacho hakupewa.

Kwa nini nambari inakataliwa?

Saundi kadi nyingi huuzwa pamoja na programu. Kwa mfano, Scarlett za kampuni ya Focusrite huja na Ableton Live Lite, na UR22 ya Steinberg ilikuja na Cubase AI. Mnunuzi wa kwanza hufungua akaunti kwenye tovuti ya kampuni kwa barua pepe yake, huandika nambari aliyopewa, kisha hupakua programu. Tangu hapo leseni, yaani ruhusa ya kuitumia, iko kwa jina lake, na kwa kawaida nambari hiyo haitumiki mara ya pili. Ni kama pikipiki: ukipewa ufunguo bila jina kubadilishwa kwenye logbuku, kwenye rekodi bado ni ya mwenyewe wa kwanza.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta pamoja na kazi za maandishi, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) ndiyo inayoisimamia. Kwa hivyo kumiliki kifaa hakukupi haki ya kunakili programu na kuigawa. Unachotegemea ni leseni, na masharti hutofautiana. Kuna leseni zinazohamishwa bure, zinazotozwa ada, zinazohama tu pamoja na kifaa chake, na nyingine, hasa za programu za nyongeza, ambazo hazihamishwi kabisa.

Kabla ya kulipa

1. Mwombe muuzaji afungue akaunti yake mbele yako akuonyeshe kifaa na leseni.
2. Someni pamoja masharti ya kuhamisha leseni kwenye tovuti ya kampuni. Yasipoeleweka, muuzaji aiandikie kampuni, na msubiri jibu.
3. Ikiwa inahamishika, fungua akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe, muuzaji aanzishe uhamisho. Ulipie leseni ikishaonekana kwako.
4. Ikiwa haihamishiki, lipa bei ya kisanduku peke yake.
5. Andikianeni karatasi yenye majina, tarehe, bei, nambari ya kifaa na orodha ya vilivyouzwa. Itakusaidia pia mtu akidai kwamba kifaa kiliibwa.

Kwa anayeuza

Usimpe mnunuzi neno la siri la barua pepe yako ili "atumie tu programu." Anayeingia kwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha neno la siri la akaunti zako nyingine pia. Badala yake, kiondoe kifaa kwenye akaunti yako ili mnunuzi akisajili kwa jina lake.

Zikumbuke pia nyimbo zako. Faili la kazi la programu moja mara nyingi halifunguki kwenye programu nyingine, na leseni ikishahama huenda usiweze kulifungua tena. Kabla ya kuuza, toa kila sauti peke yake katika faili la WAV: ngoma peke yake, kayamba peke yake, mwimbaji peke yake. Hifadhi mahali pawili. Kazi ya kwaya ya miaka kadhaa isipotee kwa sababu ya kisanduku kimoja.

Bila leseni, je?

Usikate tamaa. Saundi kadi kwa kawaida hufanya kazi na programu zaidi ya moja. Audacity ni ya bure kabisa. REAPER hujaribiwa bure kwa siku 60, na baadaye leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Hata hivyo, kabla ya kununua saundi kadi ya zamani, hakikisha kwamba mtengenezaji bado ana draiva inayokubaliana na Windows ya kompyuta yako.

Usikubali kuwekewa nakala ya wizi. Mbali na kuvunja sheria, nakala hizo mara nyingi huja na virusi vinavyoweza kuharibu nyimbo ulizorekodi.

Kwa hivyo, kabla ya kuulizana bei, ulizaneni kwanza: leseni iko kwa jina la nani, na itahama vipi?