Sinia la Mzee na Kumbukumbu Zake

Maalim aliyetusomesha chuoni tukiwa wadogo alikuwa amehifadhi Msahafu mzima. Mwanafunzi wa safu ya nyuma akikosea irabu moja, yeye hugonga meza kwa ufito bila ya kuinua uso, nasi sote tukajua kuwa kuna aliyeteleza. Miaka michache iliyopita tulikwenda kumzuru nyumbani kwake. Akatuuliza sisi ni watoto wa nani, tukamweleza, akafurahi mno na kumtaja marehemu baba yetu kwa jina. Kabla kikombe cha kahawa hakijaisha akatuuliza tena. Binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama chini.

Tuliporudi kwetu, kilichotukosesha usingizi ni mfuko tuliompelekea. Ndani yake mlikuwa na kilo moja ya halwa na katoni ya juisi, na mzee yule ana maradhi ya sukari kwa zaidi ya miaka kumi. Tulikuwa tukijua. Na juu ya kabati lake palikuwa na mifuko mingine mitatu kama wetu, ya wageni waliotutangulia.

Wapenzi wasomaji, tangu siku hiyo tumekuwa tukilifuatilia swali ambalo akina mama hutuuliza mara kwa mara baada ya darsa: je, chakula kinaweza kumlinda mzee asipotewe na kumbukumbu? Jibu lipo, ila si fupi kama wanavyolitangaza wauza chupa.

Kusahau kwa uzee si jambo geni kwetu; Surat An-Nahl, katika aya ya 70, imeigusia hali hiyo. Lakini si kila mzee hufikia huko, na wako wanaotimiza miaka tisini wakiwa na akili timamu. Madaktari huyaita maradhi haya demensia, na aina yake iliyo mashuhuri zaidi ni Alzheimer, iliyopewa jina la tabibu Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Basi tusidhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu.

Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, ilhali hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Riziki yake huletwa na damu, na damu hiyo hupita katika mishipa ambayo mingine ni myembamba kuliko unywele. Presha ikipanda miaka nenda miaka rudi, kuta za mishipa hiyo hukakamaa. Sukari ikizidi katika damu huziharibu, na lehemu ikijikusanya ndani yake njia hubana. Hapo sehemu ndogo ndogo za ubongo hukosa damu na kufa, pengine bila ya mtu kuanguka wala kupooza mkono. Jamaa huona tu kwamba baba hawezi tena kuhesabu chenji dukani, au mama ameusahau mpango wa pilau aliyoipika kwa miaka arobaini. Madhara yale yale yanayolitia kiza jicho la mgonjwa wa sukari na kuichosha figo yake hufika pia kichwani. Kwa hiyo anayeuliza chakula gani kinahifadhi kumbukumbu, kwa sehemu kubwa anauliza chakula gani kinahifadhi mishipa ya damu.

Uchunguzi uliovuma zaidi katika jambo hili ulifanywa Chicago, Marekani, na bibi mmoja mtaalamu aitwaye Martha Clare Morris pamoja na wenzake. Walipanga utaratibu wa kula unaoitwa MIND: mboga za majani kila siku, jamii ya kunde, njugu, nafaka zisizokobolewa, samaki, kuku, mafuta ya zeituni na matunda ya beri, kisha kupunguza nyama nyekundu, siagi, jibini, vitu vitamu na vya kukaangwa. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 923 wenye umri wa miaka 58 hadi 98. Walioufuata utaratibu huo barabara, kiwango chao cha kupatwa na Alzheimer kilikuwa chini kwa asilimia 53 kuliko cha wale walioufuata kwa uchache kabisa.

Hesabu hiyo ndiyo inayosambazwa kwenye simu zetu. Isiyosambazwa ni ya mwaka 2023, na insafu inatutaka tuieleze. Safari hii watafiti waligawanya wazee 604 mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja likafuata MIND, jingine likaendelea na chakula chake cha kawaida, na mafungu yote mawili yakasaidiwa kupunguza kiasi cha chakula. Baada ya miaka 3 akili za wote zilikuwa zimeimarika kidogo, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa. Yamkini miaka 3 ni michache kwa maradhi yanayojijenga kwa miongo. Yamkini pia wale wa 2015 waliokula vizuri walikuwa na mengine mazuri katika maisha yao. Kwa vyovyote vile, anayekuapia kwamba chakula fulani kitamrudishia mzee wako kumbukumbu amesema kisichothibiti.

Lililotupa matumaini zaidi ni la Ufini. Huko watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, waliokuwa katika hatari ya demensia, walishughulikiwa kwa miaka 2. Nusu yao walipewa nasaha za kawaida. Nusu nyingine walifundishwa kula vizuri, wakafanya mazoezi ya viungo, wakazoezwa akili, na presha zao zikafuatiliwa kwa karibu. Matokeo yalitolewa mwaka 2015, na waliopata yote kwa pamoja walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya akili. Chakula kilikuwa sehemu ya malezi kamili ya mzee, hakikuwa dawa peke yake.

Sasa tuingie jikoni mwetu. Beri na zeituni ni ghali, wala hakuna haja ya mama kuuza mkufu ili azipate. Mchicha, mtoriro, mchunga na matembele ni majani kama yale ya Chicago. Mbaazi, kunde na pojo tunazo. Korosho zinaota mlangoni. Na samaki wenye mafuta yanayosifiwa na madaktari ni hawa vibua na dagaa ambao baadhi yetu tunaona haya kuwapakulia wageni. Vibua wawili wa kuchoma kwa ndimu ni bora kwa mzee kuliko kipande cha nguru kilichozama katika mafuta yaliyokaangia mara nne.

Matatizo yetu ni chumvi, sukari na karai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Mzee aliyekula papa mkavu mchana, kwa achari pembeni, yamkini ameuvuka mpaka huo kabla ya Alasiri. Sukari nayo huingia kwa vikombe: chai ya asubuhi, ya saa nne, ya jioni, vijiko vitatu kila kimoja, na mahamri juu yake. Na tui, ambalo hatudhani kuna mtu wa Pwani atakayeliacha (sisi hatutaliacha), lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu. Nazi moja kwa sufuria ya mbaazi iliyokuwa ikipikwa kwa mbili haiondoi ladha. Tumejaribu, na waliokula hawakutambua mpaka walipoambiwa.

Pana jambo jingine ambalo watu hulipuuza. Mzee aliyepoteza meno huishia kwa uji na mkate wa kuchovya katika chai ya rangi. Samaki, yai na nyama humwondokea, na pamoja navyo huondoka vitamini B12, ambayo upungufu wake unaweza kuleta usahaulifu unaofanana na demensia. Waliotumia dawa ya sukari iitwayo metformin kwa miaka mingi wako katika hatari zaidi. Hali hii hupimwa kwa damu na hutibika. Vilevile mwili wa mzee hauhisi kiu kama wa kijana, na siku za kaskazi anaweza kukaukiwa na maji hata akapayuka maneno. Wako waliokimbilia kudai ana jini, naye alihitaji maji na daktari. Dua haikatazwi, inaweza kusomwa huku presha inapimwa.

Kuhusu chupa, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilisema waziwazi kwamba vidonge vya vitamini B na E na vya mafuta ya samaki visipendekezwe kwa ajili ya kuzuia demensia. Mwenye upungufu uliothibitishwa na daktari ana hukumu yake. Asali na habbat sauda hatuzidharau, lakini asali ni sukari kwa mgonjwa wa sukari, na fedha zinazoishia kwenye dawa ya kumbukumbu zingenunua samaki wa mwezi mzima.

Tumalizie na sinia. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, takriban asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Presha, sukari na lehemu yamo, na humo humo wametajwa upweke na kupungua kwa usikivu. Tulipoisoma orodha ile tulikumbuka jinsi wazee wetu wanavyoondolewa kwenye sinia. Hula polepole, humwaga mchuzi, hawasikii mazungumzo, basi wanatengewa sahani yao chumbani, mlango ukaegeshwa. Kwa nia njema, bila shaka. Lakini anayekula peke yake hula kidogo, wala hana wa kumwambia neno.

Mwezi uliopita tulikwenda tena kwa maalim, safari hii na fungu la vibua na mchicha. Binti yake amemrudisha kwenye sinia pamoja na wajukuu, na mwenye kuchoshwa na mwendo wake huruhusiwa kuinuka mapema. Hakututambua, na hatudhani kuwa atatutambua tena. Alikuwa akimtolea mjukuu miiba ya samaki, mmoja mmoja, akiipanga ukingoni mwa sinia, na kila mtoto alipokosea neno katika Faatiha aliyokuwa akiisoma mdomo umejaa, mkono wa maalim ulisimama.