Paka baada ya upasuaji, na dirisha la kutazama meli

Upasuaji wa kawaida kabisa kwa paka wa nyumbani ni wa kufunga uzazi. Jike hutolewa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi, dume huhasiwa. Kazi hiyo hufanywa paka akiwa chini ya nusukaputi, na kwa saa za kwanza dawa hiyo hutisha kuliko kidonda chenyewe: joto la mwili hushuka, miguu huyumba. Alazwe sakafuni, ndani ya katoni yenye kitambaa kikavu, mbali na moto wa jikoni na mbwa. Chakula kidogo apewe akishaweza kutembea bila kuyumba.

Kinachowachanganya wengi ni maumivu, kwa sababu paka huyaficha. Hujikunyata, hukataa kula, hujibanza uvunguni. Hata ile sauti anayounguruma kifuani si ushahidi kwamba ana nafuu, kwani paka mgonjwa naye huunguruma. Huruma isiyo na ujuzi huua hapa. Paracetamol, dawa ambayo watu humeza wakiumwa kichwa, ni sumu kwa paka: ini lake haliwezi kuivunja ipasavyo, damu hushindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Aspirini na ibuprofeni nazo asipewe bila agizo la daktari wa mifugo.

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Muda wote huo paka hatakiwi kuoga, kuruka wala kulamba mshono, ndiyo maana huvishwa kola pana ya plastiki shingoni. Kidonda kitazamwe kila siku. Kikivimba, kikitoa usaha au harufu, au paka akipitisha siku nzima bila kula, aonwe na daktari bila kusubiri.

Kumtuliza mnyama aliyezoea kuwinda ni kazi ngumu, na dirisha husaidia kuliko watu wanavyodhani. Mombasa, meli za makontena zinazokwenda Kilindini hupita kwenye mlango mwembamba wa bahari kati ya Likoni na kisiwa. Kindu, nchini Kongo, boti za mbao zilizosheheni mizigo hushuka mto Lualaba kuelekea Ubundu, safari ya kilometa zipatazo 300. Jicho la paka halioni vizuri vitu vya mbali. Nguvu yake ni kutambua kinachosogea. Yaelekea basi meli yenyewe ni kwake umbo kubwa lenye ukungu linaloteleza taratibu, na kinachomvuta hasa ni ndege walio karibu na dirisha. Honi ya meli ni jambo jingine: masikio yake ni makali, kwa hiyo siku ya kwanza chumba kimya ni bora.

Salamabila, mji wa wachimba dhahabu katika eneo la Kabambare, Kongo, haipitiwi na meli. Pikipiki na malori ya barabarani yanatosha, mradi paka awe ndani, kwa kuwa vumbi na matope ni adui wa mshono. Mahali pa kukalia pawe chini, asilazimike kuruka ili afike. Nyuzi zikishatolewa na ngozi ikiwa imeshikana, kola huvuliwa na paka hurudia kazi yake ya kulinda mahindi dhidi ya panya.