Ukingo wa Njano Chini ya Mwembe

Chini ya mwembe au mparachichi mara nyingi hubaki patupu, maana maua yapendayo jua hayastawi hapo. Mahali pa namna hiyo pafaa mmea uitwao sanseveria, hasa ile aina ya Laurentii. Majani yake husimama wima kama ya mkonge, ya kijani yenye mabaka, na pembeni yana ukingo wa njano. Jina hilo ni kumbukumbu ya Emile Laurent, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, aliyekusanya mimea katika Kongo, akafariki mwaka 1904 alipokuwa safarini kurudi kwao.

Upande pale ambapo mwanga hupenya kati ya matawi. Katika giza hukua polepole sana, na njano hufifia. Changanya udongo na mchanga ili maji yasituame, kwa kuwa maji mengi huozesha shina. Wakati wa kiangazi, ngoja udongo ukauke ndipo umwagilie tena.

Sasa tuangalie jinsi ya kuuzidisha, maana hapo ndipo wengi hukosea. Hukata jani vipande vya urefu wa kidole, wakavichomeka udongoni. Baada ya wiki nyingi huchipua kweli, lakini machipukizi ni kijani kitupu! Basi aliyekwisha kupokea fedha za jirani yake kwa ahadi ya majani ya njano, huonekana mdanganyifu, ingawa hakukusudia ubaya. Sababu ni hii: njano ile imo katika tabaka za nje tu, nalo chipukizi la kipande cha jani huanzia ndani, penye kijani.

Kwa hiyo hatuna budi kugawa shina lenyewe. Chimbua mmea uliokwisha kuzaa watoto. Kwa kisu safi kata kati ya mama na mtoto, kila mmoja abaki na mizizi yake. Acha jeraha likauke kivulini siku moja au mbili, ndipo upande. Likitokea chipukizi la kijani kitupu, liondoe lisije likawashinda wenzake.

Tena, wazuieni watoto wasitafune majani hayo; huleta kichefuchefu na kutapika.

Njia hii ya kugawa hutoa miche michache kwa mwaka. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na atakayenunua mche wako atapata kile alichokiona.