Barua za Mama Ndani ya Kompyuta

Akina mama wengi tunaiona kompyuta kuwa chombo cha ofisini, cha kupigia hesabu na kutunzia kumbukumbu. Binti akisema anataka kuchorea picha, tunamwambia aache mchezo akasome. Lakini yuko mwanamke aliyechora kwa kompyuta kwa zaidi ya miaka 50, na kazi yake inafaa kututafakarisha.

Vera Molnár alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1924, akahamia Paris, Ufaransa, mwaka 1947. Alipenda maumbo ya kawaida: miraba, duara na mistari. Kuanzia mwaka 1959 alijiwekea kanuni za kuchora, akazifuata hatua kwa hatua kwa mkono, kana kwamba yeye ndiye mashine. Mwaka 1968 ndipo alipopata kompyuta yenyewe. Mwanzoni hakuwa na skrini. Maagizo yalitobolewa kwenye kadi, na picha ikachorwa na mashine yenye kalamu.

Maagizo huwaje picha?

Fikiria kusuka mkeka: chane hii ipite juu, ile ipite chini, kisha rudia. Molnár aliiagiza kompyuta ipange miraba sawasawa, halafu aivuruge kidogo tu, pengine sehemu 1 katika 100. Kasoro hiyo ndogo ndiyo iliyoipa picha uhai.

Mwandiko wa mama

Mama yake alibaki Budapest, naye alimwandikia barua kila wiki. Kila mstari ulianza kwa herufi zilizonyooka, ukaishia kwa herufi zenye wasiwasi. Miaka ilivyopita, unyofu ulipungua, vurugu ikazidi. Kati ya mwaka 1981 na 1990, Molnár aliuiga mwandiko huo kwa kompyuta katika mfululizo wa picha alizoziita Barua za Mama Yangu. Hakuna neno linalosomeka, ila mkono wa mama unaonekana.

Sisi tunaowahudumia wazee wodini tunazijua herufi hizo. Tunaziona mgonjwa anapotia sahihi. Kompyuta haikumjua mama yule. Binti ndiye aliyemtazama kwa makini mpaka akaweza kueleza jinsi mkono wake ulivyotetemeka. Mashine haikumpunguzia upendo. Ilimdai uangalifu zaidi.

Nyumbani kwetu

Molnár alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 99. Leo mtoto hahitaji kadi za kutoboa. Programu ya Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ni ya bure, na Kiswahili kimo. Mtoto hupanga vipande vya maagizo, picha ikatembea.

Basi, mama, kabla ya kumfukuza binti yako kwenye kompyuta, keti naye kidogo. Muulize anataka kuchora nini, na ataieleza vipi mashine. Mkumbushe pia kuinua macho mara kwa mara na kutazama mbali. Huenda siku moja akauchora mwandiko wako.